Mada ya Kuonja Mvinyo Nyumbani

Swali: Nawaalika wenzangu nyumbani Shangani, Mtwara, kuonja mvinyo. Nichague mada gani?

Jibu: Ndugu msomaji, chagua zabibu ya aina moja, Chenin Blanc, ambayo asili yake ni bonde la mto Loire nchini Ufaransa na ambayo leo hulimwa pia Dodoma na Afrika Kusini, kisha zifunike chupa kwa karatasi ili wageni wahukumu kwa ulimi, si kwa lebo. Mada ya mvinyo wa dunia nzima siipendekezi, kwani hutawanya mawazo (na fedha). Kwa joto la Mtwara, chupa zikae kwenye barafu hadi wakati wa kumimina. Andaa korosho za kukaanga na pweza wa kuchoma; pilipili iwekwe kando, kwa kuwa hufunika ladha ya mvinyo.