Dopamini si tangi lililokauka

Umeuliza kama mtu mwenye sonona (depression) anaacha vitu alivyovipenda kwa sababu dopamini, kemikali ya ubongo inayopeleka ujumbe kati ya seli, imemwishia. Sivyo. Moja ya kazi kubwa za dopamini ni kulinganisha: nilitarajia nini, nimepata nini? Mwanasayansi wa ubongo Wolfram Schultz alirekodi seli za dopamini kwenye ubongo wa tumbili. Mwanzoni zilichangamka tone la juisi lilipofika mdomoni. Tumbili alipozoea kwamba taa ikiwaka juisi inafuata, seli zikaanza kuitikia taa. Juisi yenyewe ikawa haizishtui tena. Taa ikiwaka halafu juisi isije, zinanyamaza saa ile ile ilipotakiwa kufika.

Sasa, kwa watu wengi wenye sonona (si wote, ugonjwa huu una sura nyingi), eneo la ndani ya ubongo liitwalo striatamu, linalopokea dopamini, huitikia zawadi (kitu kizuri, kama ile juisi) kwa unyonge. Cha ajabu, ukiwaonjesha maji ya sukari, mara nyingi utamu wanausikia kama mtu yeyote. Kinacholegea zaidi ni ile hamu ya kuufuata. Rafiki anampigia mgonjwa, simu inaita pale mezani, mgonjwa anaiangalia mpaka inakata, ingawa bado anampenda rafiki huyo.

Ndiyo maana "subiri mpaka ujisikie" naona ni ushauri mbovu. Ipo tiba inayogeuza mpangilio: mnapanga kitu kidogo, unakifanya hata bila hamu, hamu inakuja nyuma polepole. Ila mtafute mtaalamu akusaidie kupanga, peke yako ni mlima.