Kutembea Dar mpaka Tunduma kwa miguu

Mdogo wangu, umeuliza kama Dar hadi Tunduma kwa mguu inawezekana na uanze lini. Inawezekana, ni kama kilomita 920 hivi, ukipiga 25 kwa siku na kupumzika siku moja kwa wiki unamaliza mwezi na nusu. Anza Juni, mvua za masika zimeisha, ila beba sweta zito maana Mafinga na Makambako miezi hiyo baridi yake si mchezo.

Mikumi usitembee kabisa!! Barabara inapita katikati ya hifadhi kama kilomita 50, tembo na simba wanavuka hapo hapo, panda basi, kipande hicho hakikupunguzii heshima yoyote. Mlimani Kitonga nako pita asubuhi mapema, kona zimebana na malori ya Zambia na Kongo hayana pa kukukwepea. Siku zote tembea upande wa kulia ili gari zikujie usoni.

Mimi niliishia Iringa, nilitokea Morogoro na viatu vipya, siku ya tatu nikivua soksi ngozi ya kisigino ikaja nayo. Tafadhali vaa viatu ulivyovizoea, kidole kikianza tu kuwaka moto simama ubandike plasta, usisubiri kufika.

Pia omba barua ya utambulisho serikali ya mtaa wako, ukifika kijijini jioni nenda kwanza kwa mwenyekiti, mara nyingi unaonyeshwa pa kulala salama na ugali juu.