Antijeni e hasi si cheti cha uzima

"Dada, majibu ya homa ya ini B yanasema antijeni e hasi. Nimeambiwa virusi vimelala, nirudi nyumbani. Nimepona?"

Ujumbe huu umetoka kwa msomaji wa Makambako. Antijeni e ni protini ambayo kwa kawaida kirusi cha homa ya ini B huimwaga kwenye damu kinapozaliana. Umenipandisha hasira, ila si kwake. Kaka yangu aliambiwa maneno hayohayo kwenye zahanati moja ambayo siitaji. Alikuwa dereva wa malori ya Tunduma, pombe haonji. Saratani ya ini ilimchukua kabla hajafikisha miaka 40. Msibani Uyole wengine walisema karogwa, wengine wakasema alikuwa anakunywa kwa siri. Hilo la pili sijalisamehe mpaka leo.

Nikaanza kusoma, mimi mwalimu wa biolojia ambaye naye alikutwa na virusi hivyohivyo.

Kirusi hiki kina herufi za kinasaba kama 3,200 tu, na kimeng'enya kinachozinakili hakisahihishi makosa yake. Ndiyo maana kina koo nyingi, zinazoitwa kwa herufi kuanzia A. Afrika Magharibi umetawala ukoo E. Asia Mashariki ni B na C, na C huleta saratani zaidi kuliko B. Huku kwetu Mashariki na Kusini mwa Afrika unaoonekana sana ni A, hasa tawi lake la A1. Utafiti wa Afrika Kusini wa mwaka 2005 ulionyesha kwamba wenye ukoo A walikuwa na hatari ya saratani ya ini mara 4.5 kuliko wenye koo nyingine, tena waliipata wakiwa vijana zaidi.

Sasa sikiliza hapa. Mwenye A1 mara nyingi hupoteza antijeni e mapema, bado kijana. Na kuna badiliko la herufi moja tu, nafasi ya 1896, linaloonekana zaidi kwenye koo nyingine kuliko A, linalokinyima kirusi uwezo wa kutengeneza antijeni hiyo huku kikiendelea kuzaliana. Ni kama mwizi aliyezima tochi: humwoni, kazi anaendelea. Mabadiliko mawili ya nafasi za 1762 na 1764 nayo yanahusishwa na saratani. Si kila mwenye nayo ataugua, lakini neno "hasi" peke yake halikutoshi.

Usihangaike kutafuta kipimo cha ukoo. Tenofovir, dawa ya kukizuia kirusi hiki kisizaliane, inazikabili koo zote. Dai vipimo vya wingi wa virusi, vimeng'enya vya ini na ultrasaundi. Ukianzishiwa dawa, usiache. Mimi nameza kila siku, na kipimo cha mwisho hakikuona kirusi hata kimoja kwenye damu. Najivunia, nisemeje! Dai vipimo, narudia. Wewe uliyepanda parachichi Rungwe au Njombe ukihesabu miaka ya mavuno, utavuna na ini gani?

Mahindi na karanga zenye ukungu tupa, hata kama ni za shambani kwako. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, ikikutana na kirusi hiki, hatari ya saratani inapanda maradufu na zaidi. Watu wa nyanda hizi tunapenda kusema "unga haumwagwi". Umwage.

Nyumbani wote wapime, na asiye na virusi apate chanjo zake tatu. Watoto wa Tanzania wanachanjwa tangu 2002. Sisi wakubwa wengi tulipitwa. Shemeji yangu alikataa muda mrefu, akiogopa maneno ya majirani. Amedungwa ya tatu mwezi uliopita.