Kabla hujanunua mashine

Walukuba, Jinja

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikichambua maharage. Unasema umepata nafasi nyuma ya nyumba huko Mukono, futi 10 kwa 14, una akiba kidogo, na unauliza: "Mama, nianze na mashine gani, ya kukata au ya kuranda?" Unaniuliza mimi kwa kuwa mzee hayupo. Mimi sikuwa fundi seremala kama yeye, lakini miaka 19 nilipiga msasa na vanishi uani kwake, na daftari nilishika mimi. Najua pesa ilikuwa inapotelea wapi.

Hiyo akiba nunulia mabati na mbao. Mashine zisubiri.

Unaikumbuka meza ya mvule iliyorudishwa kwa mkokoteni? Ulikuwa darasa la pili, ukawa unapitisha majani kwenye ufa wake. Mzee alinunua zile mbao zikiwa mbichi kabisa, ukizigusa zina ubaridi wa maji. Mteja alikuwa na haraka, na sisi tulikuwa na deni la duka. Wiki mbili meza ikaisha, uso wake umepigiliwa misumari kwenye fremu kila upande. Ikaja Januari na jua lake. Mwenye meza alisema usiku alisikia mlio kama mwanzi unapasuka, akashika panga akidhani ni mwizi. Mbao ikikauka husinyaa kwenye upana wake, urefu haubadiliki sana, na hapo misumari ilikuwa imeizuia kusinyaa. Tulirudisha pesa yote. Baada ya hapo mzee hakupigilia tena uso wa meza. Alitumia skrubu, na matundu yake kwenye fremu akayarefusha kidogo ili ubao upate pa kusogea.

Kwa hiyo uani anza na mahali pa kukaushia. Panga matofali, mbao zikae juu ya ardhi, mchwa wasizifikie kirahisi. Kati ya ubao na ubao weka vijiti vya inchi moja, kila futi mbili, na kijiti cha juu kikae sawasawa juu ya cha chini, la sivyo mbao zitajifunza kupinda. Ncha zipake rangi yoyote iliyobaki, kwani maji hukimbilia kutokea huko na ndiko zinakoanza kupasuka. Ziwe kivulini, upepo upite. Ukienda kununua mbao Ndeeba, kule Kampala, utaambiwa "hii imekauka, fundi." Itikia, kisha ukaikaushe. Mkaratusi hasa, ukiuharakisha unajikunja kama nyoka.

Utajuaje zimekauka? Mzee alikuwa akiniibia mizani ya jikoni kila Jumapili. Alichagua ubao mmoja mfupi, ncha zake zimepakwa rangi kama wenzake, akaupima na kuandika uzito ukutani kwa penseli. Uzito ulipoacha kushuka wiki baada ya wiki, alianza kazi. Zile namba za penseli bado zipo nyuma ya mlango, sijaruhusu mtu apake chokaa pale.

Banda lisiwe na makuu: nguzo nne, mabati, upande mrefu uachwe wazi. Uelekeze kaskazini au kusini. Huku kwetu jua linapita utosini, ukifungua mashariki au magharibi litakupiga machoni asubuhi au jioni, wakati ambao ndio unataka kufanya kazi. Benchi liwe zito, miguu ya inchi nne kwa nne. Simama wima, legeza mikono: uso wa benchi ufike pale kiganja kinapoungana na mkono. Likiwa jepesi utakuwa unalifukuza uani kila ukisukuma randa.

Vyombo vya mkono vitakutosha kwa muda: msumeno wa kupasulia na wa kukatia, randa, patasi, skwea, tupa na jiwe la kunolea. Mbao nyingi za kupiga randa zipeleke kwa wenye mashine, ulipie, urudi nazo. Siku utakayonunua mashine yako, waya wa ekstensheni ufungue wote kwenye gurudumu lake. Ukiuacha umejiviringisha mashine ikivuta umeme, unapata joto hadi plastiki inayeyuka. Na uniti za Yaka, umeme wa kulipia kabla, utaziona zinavyokimbia mashine ikiwaka.

Vumbi usilifanyie mchezo. La mvule lilimwasha mzee macho, akawa anapumua kwa mlio usiku, naye anasema ni baridi ya ziwa. Vumbi la mbao limo katika orodha ya vitu vinavyoleta saratani ya pua. Vaa barakoa ya kubana vizuri. Leso mdomoni ni mapambo. Maranda nayo wape jirani wanaofuga kuku, watavumilia kelele zako, ila ya mvule usimpe mtu.

Patasi zake tatu nimezipaka mafuta na kuzifunga kwenye gazeti, zimo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Jiriwa la kubania mbao pia lipo, lakini hilo mimi siliwezi kulinyanyua. Njoo Jumamosi na gari, na ulete vipimo vya huo uwanja vilivyoandikwa, siyo vya kukadiria kwa hatua.

Mama yako