Moshi wa jenereta unaweza kurudi kuwa mafuta?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa kemia wa sekondari, Singida. Wanafunzi wangu wa kidato cha sita wamesoma kwamba kuna nchi zinatumia jua kugeuza kaboni dioksidi kuwa mafuta. Wanauliza: kama gesi hiyo ndiyo inayobaki mafuta yakishaungua, inarudije tena kuwa mafuta? Na je, tukipitisha moshi wa jenereta ya shule kwenye maji yenye unga wa titani dioksidi, tukayaweka juani, tutapata chochote?

JIBU: Mwalimu, inarudi, ila inadai nishati yote iliyotoka ilipoungua. Moli moja ya kaboni monoksidi ikiungua kuwa kaboni dioksidi hutoa kilojuli 283. Ukitaka kuirudisha, yaani kuing'oa ile oksijeni kwenye kaboni dioksidi, utalipa kilojuli 283 zilezile, na kwa vitendo utalipa zaidi. Nishati yote ya mafuta haya hutoka juani. Kaboni inaibeba tu.

Njia ninayopenda kuwaonyesha vijana ni ile ya watafiti wa ETH Zürich, Uswisi, chini ya Aldo Steinfeld, kwa sababu kemia yake inafuatika hatua kwa hatua. Vioo vinakusanya jua hadi oksidi ya seriamu, ambayo ni metali, ifike nyuzi 1,500 hivi za Selsiasi. Kwa joto hilo oksidi inaachia sehemu ndogo ya oksijeni yake bila kuyeyuka. Kisha inapozwa hadi karibu nyuzi 900, na hapo inapulizwa kaboni dioksidi pamoja na mvuke wa maji. Oksidi ina njaa ya oksijeni, inazinyang'anya gesi zote mbili. Kinachobaki ni kaboni monoksidi na hidrojeni, na mchanganyiko huo viwanda vimezoea kuugeuza kuwa methanoli, dizeli au mafuta ya ndege. Oksidi yenyewe haiishi, inaanza mzunguko upya.

Kule Móstoles, karibu na Madrid, walijenga mnara wenye vioo 169 vinavyofuata jua, wakafanya kazi yote hiyo juani kweli. Matokeo waliyochapisha mwaka 2022 yalionyesha kuwa asilimia 4.1 ya nishati ya jua iliyoingia ndiyo iliyoishia ndani ya gesi. Paneli ya kawaida ya umeme hufika 20 hivi. Joto jingi linapotea kwa kule kupanda na kushuka kati ya nyuzi 1,500 na 900, na hapo ndipo watafiti wanapohangaika sasa. Zingatia pia kwamba vioo hukusanya jua la moja kwa moja tu. Siku ya ukungu au mawingu mepesi paneli bado inatoa umeme, mnara hautoi kitu.

Sasa jaribio lenu. Wazo lina msingi. Mwaka 1972 Akira Fujishima na Kenichi Honda wa Japani walionyesha kwamba titani dioksidi ikipigwa na mwanga inaweza kupasua maji, na mwaka 1979 wakiwa na wenzao walipata methanoli na fomaldehidi kidogo kutoka kwenye maji yenye kaboni dioksidi. Lakini unga huo hunyonya mionzi ya urujuanimno tu, ambayo ni kama asilimia 5 ya nishati ya jua, na mazao yake hupimwa kwa mikromoli, yaani sehemu za milioni za moli. Kwa vifaa vya shule hamtayaona. Moshi wa jenereta nao una oksijeni iliyobaki, inayozidaka elektroni zilizoamshwa na mwanga kwenye unga kabla ya kaboni dioksidi kuzifikia, na masizi yake yatafunika unga.

Hata maabara kubwa hudanganyika. Uchafu kidogo wa kikaboni uliobaki kwenye unga ukivunjwa na mwanga hutoa methani, na mtu akashangilia. Ndiyo maana watafiti makini hurudia jaribio kwa kaboni dioksidi yenye kaboni-13, aina ya kaboni iliyo nzito kidogo kuliko ya kawaida, wakaangalia kama kaboni hiyo imo kwenye gesi iliyopatikana.

Zaidi ya yote, nakuomba usiingize moshi wa jenereta maabara. Una kaboni monoksidi, haionekani, hainuki, na inaua.

Kwa mahesabu ya darasani tumieni hii: CO₂ + 3H₂ → CH₃OH + H₂O. Kilo moja ya methanoli inataka karibu kilo 1.4 za kaboni dioksidi na gramu 190 hivi za hidrojeni. Kuipata hidrojeni hiyo kwa kupasua maji kunakula karibu uniti 10 za umeme, uniti hizihizi za mita ya LUKU, na methanoli itakayopatikana ina uniti 5.5. Ukiichoma kwenye injini inayotumia robo tu ya nishati, unabaki na 1.4 hivi. Mwenye paneli juu ya paa asihangaike, umeme wake autumie kama ulivyo. Mafuta haya ninayatetea kwa ndege za masafa na meli kubwa, ambako betri ni nzito mno.

Badala ya moshi, wapeni vijana paneli ndogo, elektrodi za grafaiti na maji yenye sodiamu kaboneti, wapasue maji kwa umeme. Msitumie chumvi ya mezani, itatoa klorini. Madirisha yawe wazi, moto usiwepo karibu. Wapime ujazo wa hidrojeni, volti, ampea na muda, kisha wakokotoe ni sehemu gani ya umeme imeingia kwenye hidrojeni, na hidrojeni hiyo ingetosha gramu ngapi za methanoli. Majibu yao nitayapokea kwa furaha.