Walikuja themanini, wamebaki tisa: maswali yenu kuhusu klabu za sekondari

Muhula umefika katikati, na barua nyingi za mara hii zimetoka shuleni. Zinazofanana tumeziunganisha. Barua ya mdahalo na ile ya miche tumezijibu kwa kirefu, kwa sababu karibu kila shule ina klabu ya namna hiyo.

Shikamooni wahariri. Mimi ni katibu wa klabu ya mdahalo, kidato cha tatu, shule ya kutwa hapa Morogoro. Mkutano wa kwanza, Februari, walikuja wanafunzi kama 80. Siku hizi tukikutana Ijumaa saa tisa alasiri tunakuwa tisa, tena ni viongozi watupu. Katiba tunayo, kadi za uanachama tunazo. Tumekosea wapi?

Marahaba. Tuanze na hesabu. Mdahalo wa kawaida una wazungumzaji watatu kila upande, dakika nne kila mmoja. Hizo ni dakika 24 za watu sita. Wenzao 74 walikuja kukaa kwenye dawati na kusikiliza, kazi ambayo walikuwa wanaifanya tangu asubuhi. Wakija mara mbili bila kufungua kinywa, mara ya tatu wanakwenda nyumbani, na hakuna katiba itakayowarudisha.

Gaweni watu katika makundi ya wanane. Kila kundi lijadili hoja lenyewe, wanne kwa wanne, dakika mbili kila mtu: jumla dakika 16. Msiyaweke makundi yote ukumbini, maana kelele zitawashinda. Tumieni madarasa matatu au vivuli vya miti. Baada ya hapo makundi mawili yapande mbele ya wote. Kwa mpango huu kila aliyekuja amesema, hata kama kasema vibaya. Na hao tisa mlionao wanatosha kuanza wiki ijayo: wanne kwa wanne, na mmoja mtunza muda.

Siku nayo inawaponza. Ijumaa kuna kipindi cha dini na wengine wanatoka msikitini, halafu saa tisa ya shule ya kutwa ni saa ya kuwahi daladala. Wanaokaa mbali, wasichana hasa, wataruhusiwa na wazazi mara moja, wala si kila wiki. Mwombeni mwalimu wa taaluma kipindi cha mwisho cha Jumatano, wiki moja ndiyo nyingine hapana. Ombi liwe la maandishi, lenye sahihi ya mwalimu mlezi wa klabu, na liseme mnamaliza saa ngapi. Wakuu wa shule wengi hukataa jambo lisilo na saa ya kumalizika.

Kuhusu hoja, achaneni na “elimu ni bora kuliko fedha.” Kila mtu anaijua kwa moyo tangu shule ya msingi na hotuba zake ni zilezile. Chagueni hoja yenye uamuzi ndani yake, ambayo mtu anaweza kwenda kuulizia habari zake: “Wanafunzi wa kutwa wote wale chakula cha mchana shuleni kwa mchango wa wazazi.” Hapo mtoto ataulizia bei ya gunia la mahindi, atahesabu wanafunzi, atamuuliza mama yake. Ibandikeni kwenye ubao wa matangazo Jumatatu, na pande zipangwe kwa kura siku yenyewe, ili kila mtu ajiandae kutetea na kupinga.

Mambo mawili hula muda kuliko yote. La kwanza ni salamu: “Mheshimiwa mwenyekiti, waamuzi wetu watukufu, mtunza muda makini, wapinzani wangu waliopotoka...” Sekunde 40 zimekwisha hivyo. “Mheshimiwa mwenyekiti” inatosha. La pili ni taarifa. Watoto wameona Bunge, basi kila sentensi mtu anasimama: “Taarifa!” Wekeni taarifa moja kwa kila mzungumzaji, isizidi sekunde 15, na isiwepo kabisa katika nusu dakika ya mwisho.

Lugha nayo inafukuza watu. Mkijadili kwa Kiingereza kila wiki mtabaki na walewale wanne waliosoma shule za mchepuo wa Kiingereza. Pokezaneni, Kiswahili wiki hii, Kiingereza mkutano ujao, na wiki ya Kiingereza mruhusu mtu kusoma kutoka kwenye kadi.

Habari za kazi, wahariri. Binti yangu yuko kidato cha pili, shule ya bweni, Tanga. Yuko skauti, yuko kwaya, na anacheza netiboli. Muhula uliopita hesabu imeshuka. Baba yake anataka atolewe kote. Nifanye nini?

Mama, kabla ya kumtoa, mwambie akuandikie wiki yake siku kwa siku: skauti saa ngapi, kwaya saa ngapi, netiboli saa ngapi. Unachotafuta ni ipi kati ya hizo inaingia kwenye muda wa prepo, yaani kujisomea usiku.

Mara nyingi mwizi si michezo. Netiboli ni ya jioni, saa ambayo mtoto asingekuwa anasoma vyovyote iwavyo, na mashindano ya UMISSETA, yale ya michezo ya shule za sekondari, yakishapita katikati ya mwaka mazoezi hupungua yenyewe. Skauti kwa kawaida ni mara moja kwa wiki. Kwaya ndiyo ya kuangaliwa. Mahafali ya kidato cha nne huwa Septemba na Oktoba, na wiki kadhaa kabla yake kwaya hufanya mazoezi usiku, ndani ya prepo. Mtihani wa kidato cha pili ni Novemba, na akishindwa anarudia darasa. Mwandikieni mwalimu wa kwaya mapema, Julai, kwamba kuanzia Agosti binti atapumzika hadi Januari. Mkingoja Septemba ataonekana amewakimbia wenzake.

Akitolewa kote, zile saa mbili za jioni hazitahamia kwenye hesabu. Mzee aelezwe hilo kwa upole.

Mimi ni mlezi wa klabu ya mazingira, shule ya kutwa, Dodoma. Kila mwaka tunaotesha miche kama 200, na Machi inakuwa imebaki haifiki 30. Tatizo ni udongo?

Udongo huenda una sehemu yake, ila tunashuku kalenda. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili. Shule inafungwa mvua ndiyo kwanza zinaanza. Miche inabaki kitaluni Desemba nzima bila mtu, inapandwa Januari ikiwa hoi, halafu mvua inakatika wiki mbili tatu, mara nyingi Februari, na ndiyo hiyo inayowamalizia.

Kwa kuwa shule ni ya kutwa, wanachama wanakaa hapohapo jirani. Siku ya kufunga shule gaweni miche: wanachama 40, miche mitano kila mmoja, majina yaandikwe daftarini. Kila mtu aitunze nyumbani, airudishe wiki ya kwanza ya Januari, na mpande wiki hiyohiyo. Usimtegemee mlinzi peke yake. Ana kazi yake.

Anzeni kitalu Julai. Mchanganyiko wa viriba, ile mifuko ya plastiki ya kuoteshea miche: ndoo tatu za udongo wa juu, mbili za samadi iliyooza kabisa, moja ya mchanga. Samadi mbichi inaunguza mizizi. Mbegu za mjohoro na mlusina zina ganda gumu. Chemsha maji, yaepue, timbukiza mbegu, ziache humo hadi kesho yake. Zilizovimba zipandwe, ambazo hazikuvimba zirudishwe kwenye maji ya moto. Mwarobaini ni kinyume chake: mbegu yake haikai, ioteshwe ndani ya wiki mbili tangu iokotwe. Klabu nyingi huziweka kabatini miezi mitatu kisha hulaumu udongo.

Miche 200 inahitaji kama ndoo moja ya lita 20 asubuhi na moja jioni. Kila wiki tatu nyanyueni viriba na kukata mizizi iliyotoboa kwenda ardhini. Msipofanya hivyo, siku ya kupanda mnauacha mzizi mkuu kitaluni, na mche unanyauka kabla wiki haijaisha. Kuanzia Novemba ondoeni kivuli kidogo kidogo na mwagilieni siku moja, mruke moja, ili miche izoee shida.

Mashimo yachimbwe mapema, futi moja na nusu upana na kina, udongo wa juu ukiwekwa kando ili urudi chini pamoja na samadi. Chana kiriba na ukitoe chote. Ukikagua miche iliyokufa utashangaa ni mingapi ilipandwa na plastiki yake, mizizi imejizungusha humo ndani. Upande wa chini wa mteremko wekeni tuta la nusu duara la kukinga maji, na miiba kuzunguka kila mche kwa ajili ya mbuzi.

Tena, pandeni jioni. Miche inayotolewa kitaluni asubuhi ikamsubiri mgeni rasmi hadi saa saba mchana imeshakufa kabla ya hotuba. Mgeni apande mmoja wa picha.

Mimi ni mwenyekiti wa Chama cha Kiswahili, shule ya bweni, Machakos, Kenya. Wanachama 46 walitoa shilingi 500 kila mmoja za fulana. Zimeletwa 40. Mhazina anasema bei ilipanda, wengine wanasema amekula pesa. Simu haturuhusiwi, pesa zilipitia simu ya mlezi. Tuthibitishe vipi?

Mlichanga 23,000. Itisheni risiti ya aliyechapisha. Ikiwa inaonyesha shilingi 575 kwa fulana, basi 40 ni 23,000 kamili, na mhazina hana hatia. Fulana sita zilizobaki ni 3,450, yaani shilingi 75 kwa kila mwanachama. Kama risiti inasema 500, lipo swali la kujibiwa, na lijibiwe mbele ya mlezi na mhasibu wa shule, si bwenini.

Safari nyingine pateni kwanza bei ya maandishi, yenye tarehe ambayo itadumu, ndipo mchangishe. Pesa zisipitie simu ya mwalimu, hata awe mwaminifu namna gani, kwa kuwa zinachanganyika na zake. Ziende kwa mhasibu na mpewe stakabadhi. Daftari liwe na safu za tarehe, maelezo, namba ya risiti, zilizoingia, zilizotoka na salio, na kila mkutano ukiisha watie sahihi mhazina, katibu na mlezi. Wasomaji wa Tanzania wakumbuke kwamba michango katika shule za umma ina utaratibu wake wa kibali, basi mkuu wa shule ajue kabla ya shilingi ya kwanza.

Viongozi wetu wote wa skauti wako kidato cha nne. Tubadilishe lini? (Iringa)

Uchaguzi ufanyike mwisho wa Julai. Kiongozi atoke kidato cha tatu na msaidizi wake kidato cha pili, ili mwakani msianze upya. Agosti wafanye kazi pamoja, wa zamani na wapya. Wiki ya kwanza ya Septemba wakabidhiane kwa maandishi: daftari la wanachama, kumbukumbu za mikutano, daftari la fedha, funguo, na orodha ya mali. Mahema yafunguliwe yakaguliwe, vigingi vihesabiwe, na kamba zipimwe kwa mita. Mkiandika “kamba, fungu moja,” mwakani fungu litakuwepo, ila fupi.