Kwa moniteri wapya (walimu wa Biblia): anzeni na siku tatu za Rehoboamu

Aliyenifundisha kufundisha unabii ni mama mmoja wa Buhene, pembeni mwa Goma, aliyeibiwa mabati. Volkano ya Nyiragongo ililipuka Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei 2021. Wiki chache baadaye, watu waliokimbilia Sake walipokuwa wamesharudi Goma, nikafungua darasa letu la Biblia kwa somo nililoliona tamu: Mungu amepanga yote, hakuna kinachomponyoka. Nililifundisha kwa sauti ya mtu ambaye nyumba yake imepona.

Yule mama akainua mkono. "Mwalimu, lava sina neno nayo, ilisimama kwa jirani. Lakini yule aliyeng'oa mabati yangu wakati tumekimbia, naye alitumwa na Mungu?"

Watu wakacheka, kisha wakanyamaza wakinitazama. Nikasoma Warumi 8:28, kwamba mambo yote humpatia mema ampendaye Mungu, haraka haraka, nikafunga kwa maombi dakika ishirini kabla ya saa. Mama hakuitika "amina".

Swali hilo mtaulizwa, pengine mwezi wa kwanza tu. Likija, msikimbilie Warumi 9, sura ya Mungu kuwachagua watu, maana hapo watu wataanza kubishana kuhusu maneno. Fungueni 1 Wafalme 12, na someni polepole.

Sulemani amekufa. Watu wa Israeli wanamwendea mwanawe Rehoboamu huko Shekemu: baba yako alitutwika kongwa zito, tupunguzie, nasi tutakutumikia. Anaomba siku tatu. Anawauliza wazee, wanamwambia aseme nao kwa upole. Anawauliza vijana aliokua nao, wanampa yale maneno ya kujigamba: kidole changu kidogo ni kinene kuliko kiuno cha baba yangu, yeye aliwapiga kwa mijeledi, mimi nitawapiga kwa nge. Siku ya tatu anarudi na ya vijana.

Hapa simameni. Msisome mstari wa 15 bado. Liulizeni darasa: nani aliamua? Andikeni ubaoni kila wanachosema. Kwangu huwa wanataja kodi na kazi za shokoa (za kulazimishwa), kiburi, marafiki wabaya, na Yeroboamu, mtumishi wa Sulemani aliyemwasi, aliyerudi kutoka Misri akiwa na hasira zake. Kila jibu ni sahihi. Mpaka mstari wa 14 habari imekamilika, na Mungu hajatajwa kama msukumaji hata mara moja. Ndipo msome wa 15: mfalme hakuwasikiliza watu, kwa kuwa jambo hilo lilitoka kwa BWANA, apate kulitimiza neno alilolinena kwa kinywa cha Ahiya Mshiloni.

Waacheni wanung'unike. Halafu warudisheni sura ya 11, nabii Ahiya anapolirarua vazi jipya vipande 12 na kumpa Yeroboamu 10, ishara ya makabila 10 atakayoyatawala. Waoneni pia sababu iliyotolewa pale: Sulemani ameiendea miungu mingine. Kwa hiyo unabii wenyewe ni hukumu yenye sababu, si kamari. Wala hakuna sauti iliyomnong'oneza Rehoboamu usiku. Alishauriwa vizuri, akalala juu ya ushauri huo, akachagua kile moyo wake ulichokipenda. Biblia inayaweka mawili hayo pamoja, haielezi yameunganishwaje. Nanyi ishieni hapo.

Mimi sikuishia hapo. Mwaka uliofuata nikaleta mfano wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo: mbao ni zake, magurudumu ni yake, lakini mwenye kuishika usukani ndiye anajua inakokwenda. Nilijiona fundi. Kijana mmoja anayeshusha viazi kwa chukudu kutoka Kibumba akaniambia, "Mwalimu, chukudu ikigonga mtu, anayekamatwa ni mimi." Nimeacha mifano.

Koreshi, mfalme wa Uajemi, mtamfundisha kwa somo moja, linatosha. Ezra 1:1 inasema BWANA alimwamsha roho atoe amri ya kuwarudisha Wayahudi waliohamishwa Babeli, ili neno la Yeremia litimie. Yeremia 29:10 ilikuwa imetaja miaka 70. Jambo ninalolipenda ni ile silinda ya udongo iliyopatikana Babeli mwaka 1879. Humo Koreshi anajisifu kwamba aliyemchagua ni Marduki, mungu wa Babeli. Mungu wa Israeli hatajwi humo hata mara moja. Kuhusu Isaya 44:28 kumtaja kwa jina, mwanafunzi wa chuo atawaambia kwamba wataalamu wengi wanaona sura hizo ziliandikwa wakati wa uhamisho, si zama za Isaya mwenyewe. Msimkasirikie. Mwambieni ni kweli wanasema hivyo, kisha mwonyesheni kwa nini wengine hawakubali.

Na mji wetu huu, kila bunduki zikilia, hakosi mtu wa kuja na aya na tarehe. Mpeni Yeremia 28 asome mwenyewe. Nabii wa uongo Hanania alitangaza kwamba wahamishwa watarudi baada ya miaka miwili tu, watu wakafurahi. Mwezi wa saba mwaka uleule akafa. Sura inayofuata Yeremia anawaandikia wahamishwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto.

Kwa yule mama nilirudi na Matendo 27, na ndilo somo ninalowaachia. Paulo ameahidiwa na malaika kwamba hakuna atakayepotea melini, ni watu 276. Mabaharia wanashusha mtumbwi kwa hila ili watoroke. Paulo yuleyule anamwambia akida: hawa wasipokaa merikebuni, hamwezi kuokoka. Askari wanakata kamba za mtumbwi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo niende kumshitaki," akasema, "au nimsamehe?" Nikamwambia hilo ni somo la wiki ijayo, na wiki ijayo alikuja, amekaa mbele kabisa.